Jalada la Kitabu Kisichokuwa na Nyuma

Mmeniomba niandike, wanangu, na mie nimeshaanza mara kadhaa nikachana. Skuli niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Mkikuta sentensi imekwenda kombo, inyosheni wenyewe. Nyinyi macho yenu mazima, na simu zenu zina kamusi ndani.

Kazi yangu ilikuwa kuchora mapambo ya majalada ya vitabu. Si haya ya karatasi inayong'aa yenye picha ya mtu anacheka. Nasema majalada ya kitambaa: mbao mbili za karatasi ngumu zimevishwa kitambaa, na juu ya kitambaa umepigwa ua, au mlango, au jina la mwenyewe, kwa karatasi ya dhahabu na chapa ya shaba iliyopashwa moto. Majirani zangu hapa Hail, Maskati, mpaka leo wanaamini nilikuwa mshoni wa nguo za vitabu. Nimewaachia, kwa sababu nikifikiri sana naona hawakukosea sana.

Kabla ya vitabu nilikuwa nachora kofia. Nachora maua kwenye kitambaa, wanawake wengine wanashona. Ami Nassor, mwenye karakana ya kujalidi vitabu pale Ruwi, aliiona kofia moja niliyoichora, imo kichwani mwa mtu arusini. Akamfuata yule mtu kwa nyuma mpaka kwenye gari, anamtazama kisogo tu. Yule mtu akageuka, akamuuliza, "Ami, kuna mdudu?" Ami Nassor akamjibu, "Hapana. Nani kakuchorea?" Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Kwa hivyo msiniulize vyeti.

Karakanani tulikuwa watatu: Ami Nassor, mie, na Thomas. Thomas ni Mhindi wa Kerala, fundi wa kuvisha jalada, na katika maisha yangu sijaona mkono kama wake. Kiswahili chake chote alikipata kwa Ami Nassor. Tatizo ni kwamba Ami Nassor akiwa na raha husema Kiarabu, na Kiswahili hukitoa pale anapoghadhibika tu. Basi Thomas, mtu mpole kuliko wote, maneno aliyoyajua ni ya kugombeza. Atakuja na kikombe, sauti ya chini, tabasamu mpaka masikioni, anakwambia, "Mpumbavu wee, chai tayari." Nikiumwa: "Huna akili, nenda kapumzike." Wiki ya mwanzo nililia. Baadae ikawa siku asiponiita mpumbavu najiuliza kama nimemkosea.

Na hili ndilo lililoniponza katika jalada langu la mwanzo. Lilikuwa la kitabu cha kutia saini wageni wa arusi. Nyinyi mnazijua kofia zetu, zina vile vitobo vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, upepo unapita. Nikaona, kwa nini na jalada lisiwe hivyo? Nikakitoboa kitambaa chote kwa sindano nene, maua na majani, chini yake niweke kitambaa cha kijani kichungulie. Usiku nililala na furaha. Asubuhi Thomas akalitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Huna akili, itatoka yote." Nikadhani ananisalimia.

Alipopaka gundi na kukandamiza, ikatoka yote. Kila kitobo kilitoa tone lake. Jalada lilifanana na mtoto mwenye tetekuwanga. Nilikaa naifuta gundi kwa pembe ya mtandio mpaka Ami Nassor akanisimamia kichwani.

"Raya."

"Labeka, Ami."

"Kofia inataka pumzi, ina kichwa ndani. Kitabu hakitoki jasho."

 Alisema kwa Kiswahili, kwa hivyo nilijua kaghadhibika.

Kwa haki niseme pia: Thomas alinionya, na kosa ni langu kutomwelewa, si lake kutoeleweka. Tangu siku hiyo kila akinitukana nilikuwa namuuliza mara ya pili.

Sasa machache ya kazi, halafu nitakuelezeni kitabu cha Bi Thuwaiba, ambacho ndicho mlichokuwa mnakitaka.

Kitambaa huvutika kwa upana kuliko urefu. Ukichora duara, mpe fundi kitambaa kilichokatwa kufuata urefu wa jora, vyenginevyo duara lako litakuwa yai. Chapa ya shaba ipashe moto, kisha gusisha kitambaa kibichi. Kikilia kwa ukali, ngoja, kikinong'ona, piga. Kitambaa chenye manyoya hakishiki dhahabu, itapukutika kwenye kanzu ya mteja naye atarudi nayo kukuonyesha. Usichore mstari mwembamba kama unywele ukajisifu; kwenye karatasi utapendeza, kwenye chapa utakatika. Na pale jalada linapojikunja, karibu na mgongo, usiweke kitu cha maana. Niliwahi kuweka ndege hapo. Kila kitabu kilipofunguliwa alivunjika shingo.

La mwisho ndilo la Ami Nassor, na naliona bora kuliko yangu yote: usiweke pambo pale kidole gumba kinaposhika. Dhahabu italika. Tazama mtu anavyokishika kitabu kwanza. Na hapa kwetu kuna jambo, maana kitabu cha Kiarabu hufunguliwa kutoka kulia na cha Kiswahili kutoka kushoto, basi vidole gumba haviko mahala pamoja. Uso wa kitabu hichi ni mgongo... nisameheni, ni nyuma ya kile. Nililijua hilo kwa miaka, na bado nilinaswa.

Bi Thuwaiba ni bibi mmoja aliyezaliwa Unguja, akaja huku na watoto wadogo, akazeeka kwa heshima. Watoto wawili tu: Zamzam, aliyekuwa mwalimu, anakaa Ansab, na mdogo wake, Khalfan, afisa mkubwa mstaafu, anakaa huku kwetu Hail. Walimpenda mama yao mpaka wakaacha kusemeshana. Kila mmoja alitaka mama akae kwake. Mama akikaa Ansab, Khalfan ananuna. Akikaa Hail, Zamzam anahesabu siku. Mwisho bibi akafunga sanduku, akahamia Qurayyat, mji wa wavuvi, kwa ndugu yake mdogo, akisema kule wanaogombana ni paka juu ya samaki, na wao angalau humaliza kabla ya magharibi.

Halafu kila mmoja, kwa upande wake, akapata fikra ya kumtoa mama kule kwa kumtengenezea kitabu cha mapishi yake na maisha yake. Zamzam alimpigia simu akaandika Kiswahili, kwa sababu wajukuu wake ndicho wanachokisoma. Khalfan alimpigia akaandika Kiarabu, kwa sababu wake ndicho wanachokisoma. Bibi alipogundua anaulizwa mambo yale yale mara mbili, akawapelekea wote ujumbe mmoja wa sauti. Baadae Zamzam alinisikilizisha. Ilikuwa sauti ya mtu anayetafuna kitu.

"Nnataka kitabu kimoja. Na mkilete nyote wawili, gari moja. Kikija na mtu mmoja sikipokei, na Qurayyat sitoki mpaka nitolewe na wanne wa jeneza."

Basi kitabu kikawa kimoja: Kiarabu kinaanza kulia, Kiswahili kinaanza kushoto, vinakutana katikati. Na jalada likaletwa kwetu.

Zamzam ndiye aliyekuja mwanzo, na pochi yake kubwa. Akakiweka kitabu cha mfano mezani, cha karatasi tupu, upande wa Kiswahili juu.

"Raya mdogo wangu, ua utaliweka hapa. Kubwa. Na kule nyuma weka kitu chochote, mstari, hata usipoweka."

Hajafika kwenye lifti, akaingia Khalfan, kanzu imepigwa pasi mpaka inalia. Akakigeuza.

"Ukhti Raya, uso wa kitabu ndio huu. Huku nyuma, khiyari yako. Na tafadhali, usimwambie dada."

"Nikuulize, kaka," nikamwambia, "nyinyi mmeonana hapo kwenye lifti?"

"Tumepeana salamu."

"Mkasemaje?"

"Alaykum."

Nilifikiri mie ni mjanja. Nikachora nyuso mbili. Upande wa Kiswahili kichala cha karafuu, upande wa Kiarabu chetezo kinafuka moshi, ukubwa ule ule, dhahabu ile ile. Nikapima kwa rula na tena kwa uzi, mtu asije akasema pambo la mwenzake limezidi. Wakaja siku mbalimbali, kila mmoja akaona uso wake, akaridhika. Nikawaambia wazi kwamba na mwenzake anao. Zamzam akasema, "Si kitu, kitakaa mezani uso wangu juu." Khalfan akasema maneno hayo hayo, neno kwa neno, ila kwa Kiarabu.

Ami Nassor aliniuliza kimoja tu. "Na mgongo?"

 Nyuso nilitengeneza mbili. Mgongo kitabu hakina ila mmoja, na kikisimama kwenye kabati ndio unaoonekana peke yake. Jina la bibi likiandikwa Kiswahili, Khalfan hana kitabu. Likiandikwa Kiarabu, Zamzam hana. Yakiandikwa yote mawili, lipi juu?

Niliwatumia ujumbe wa sauti. Bora nisingefanya hivyo. Simu yangu ilipokea majibu mpaka ikapata moto. Zamzam alisema Kiswahili ndicho mama alichowaimbia alipowalaza. Khalfan alisema Kiarabu ndicho alichosomea Qur-ani. Nikiwasikiliza, wallahi, naona kila mmoja ana haki, na hilo ndilo baya katika tabia yangu. Nikisikiliza mtu mpaka mwisho namkubali. Baada ya siku chache kila mmoja akaniambia basi, vunja, kila mtu atatengeneza chake. Na nyinyi mnajua bibi alichosema kuhusu viwili.

Nilikaa nachora migongo. Jina kwa Kiswahili kwenda chini, kwa Kiarabu kupanda juu. Ilikuwa kama nyoka wawili wanaopishana kwenye bomba. Thomas alikuwa ananisubiri akate kitambaa. Kungoja kukamchosha, akachukua kipande kirefu kilichokuwa mezani kwangu, kitambaa cha majaribio nilichochora mviringo wa maua ya kofia kwa kupoteza mawazo tu, akakizungushia kitabu cha mfano ili apime gundi. Maua yakaanza uso mmoja, yakapanda mgongo, yakashuka uso wa pili. Hayakuwa na mwanzo.

Nikasimama. Thomas akasimama.

"Huoni mbele wala nyuma," akasema, taratibu.

"Unasemaje?" nikamuuliza mara ya pili, kama nilivyojifunza.

Akakizungusha kitabu mkononi. "Mbele hakuna. Nyuma hakuna. Huoni."

Mpaka leo sijui fikra ile ni ya nani. Maua nilichora mie, lakini bila ya kukusudia. Kuzungushia alizungushia yeye, lakini bila ya kutazama. Ami Nassor alisema ni yetu sote wawili, halafu akawaambia wateja ni yake. Tuseme nusu kwa nusu, na Ami tumpe iliyobaki.

Tukafanya hivyo. Mviringo wa kofia kuzunguka jalada zima, mgongoni maua tu, hakuna hata herufi. Jina la bibi likapigwa ndani, kila upande kwa lugha yake. Karafuu na chetezo nikavipunguza vikaingia katikati ya maua, ukivitafuta utaviona. Tukatengeneza nakala moja kwanza. Hili nalo liandikeni: usijalidi vitabu vyote kabla mwenyewe hajashika kimoja.

Siku ya kwenda Qurayyat, Khalfan ndiye aliyeendesha. Zamzam akakaa mbele. Kitabu wakaniita nikishike mie, kwa sababu hawakukubaliana kikae mapaja ya nani. Nikawekwa nyuma nacho, nimekipakata kama mtoto wa wazazi walioachana. Njia nzima ya milimani walizungumza kupitia mie.

"Raya, mwambie anayeendesha kuwa mbuzi hao."

"Ukhti Raya, mwambie anayesema kuwa mbuzi nnawaona."

Bibi alitupokea barazani, mwembamba, mikono imetiwa hina. Hakukitazama kitabu kwanza. Alitazama gari, akahesabu waliotoka. Ndipo akanyosha mikono.

Akakipapasa kote. Akakigeuza, akakigeuza tena, akakitia puani.  Niliona kona moja dhahabu imekaa nyepesi, na mtu asiyejua asingeona, lakini mie sikuona kitu chengine.

"Hichi mwanzo wake uko wapi?" akauliza.

"Popote utakapokishika, Bibi," nikasema.

 Akampa Zamzam upande wa kushoto, akampa Khalfan upande wa kulia, kitabu kikiwa magotini mwake, akawaambia, "Someni. Mchuzi wa papa. Mmoja mmoja."

Zamzam akasoma: tui zito la nazi, ndimu, pilipili ya kusaga. Khalfan akasoma, huku anatafsiri: ndimu, bizari, maji ya moto.

"Na nazi?" akasema Zamzam. Hakuniambia mie nimwambie. Alimwambia mwenyewe.

"Hakuna nazi."

"Nani kakwambia mchuzi wa Mama hauna nazi?"

"Mama."

"Wewe hukumsikia, ulikuwa unaendesha gari huku unaandika."

"Wewe nazi unatia mpaka kwenye chai."

Walikwenda hivyo kurasa kadhaa. Mkate wa kumimina wa Zamzam una iliki, wa Khalfan una mdalasini. Hata mwaka wa kupanda meli haukukubaliana. Bibi anatazama mmoja, anatazama mwengine, kama mtu anayeangalia mpira. Mwishowe akanigeukia.

"Mwanangu, haya ya ndani yanaweza kutoka, jalada likabaki?"

Yanatoka. Fundi anayejua hukata karatasi ya mwanzo na ya mwisho kwa ndani, pale kwenye mkunjo, na jalada linavuliwa zima. Nikamwambia. Akamwita mdogo wake alete kisu cha matunda.

Hapo ndipo watoto wake wawili, kwa mara ya mwanzo tangu niwaone, walisema kitu kimoja, kwa lugha moja, na wote wawili wameshika mkono wangu: "Usikate."

"Kata," akasema bibi.

Nilikata. Kisu kilikuwa butu, nikakwaruza ubao kidogo kwa ndani, na hilo nililirekebisha baadae. Jalada akaliweka kwenye mto wake. Zile karatasi za ndani akawarejeshea wao.

"Jalada nimelipokea, halina la kugombaniwa. Haya rekebisheni. Hapa, mbele yangu, pamoja. Mtakuja Ijumaa mpaka yafanane."

Siku hiyo walipika michuzi yote miwili, jikoni mmoja anamwambia mwenzake asogee. Bibi akaonja wa Zamzam, akaonja wa Khalfan, akasema hata mmoja hakumsikiliza. Tulikula yote. Wa Khalfan ulikuwa mzuri zaidi, nasema kweli, ingawa Zamzam ndiye rafiki yangu.

Huo ni mwaka juzi. Mwaka jana nikastaafu, na karatasi za ndani hazijarudi karakanani bado. Ami Nassor ananipigia, anauliza vitabu vya watu hawa vipi, kitambaa kimekatwa kinangoja. Wiki iliyopita nikampigia bibi mwenyewe, Qurayyat. Nilisikia nyuma yake sauti za Zamzam na Khalfan, wanabishana juu ya vitunguu, na mtu mmoja wao anacheka.

"Bibi," nikamwambia, "bado hawajamaliza tu?"

"Walikuwa wamalize mwezi uliopita," akasema. Akateremsha sauti. "Nikawaambia nimekumbuka, ile nazi ilikuwa nusu."